Mgongo wa Faustini na Ingobyi ya Rebero

Nyinyi mnaotoka chuoni sasa hivi na makoti yasiyo na doa, nianze na jambo dogo. Kabla hujamgusa mgonjwa wa maumivu sugu, pasha mikono yako. Itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, ikaushe, ndipo umshike. Mkono wa baridi mgongoni humfanya mtu ajikaze, na mtu aliyejikaza hakwambii kitu. Madamu Kornelia aliyenifundisha kazi hii, Mungu amrehemu, alitulaza sisi wanafunzi wake mezani, akatupitishia mgongoni mikono aliyotoka kuilowesha kwenye ndoo ya maji ya kisima. Tulipopiga kelele akasema, "Haya, mmeshasoma." Alikuwa mnene, pumzi zake za shida, na sikupata tena mwalimu kama yeye.

Mimi ni kine mstaafu, mtu wa kunyoosha misuli na viungo kwa mikono na mazoezi. Kwenu huko chuoni kazi hii ina jina refu, lakini hapa Kigali tulisema kine, na wagonjwa walimwita muganga kila mtu aliyevaa koti, hata mfagiaji. Nimezaliwa Biryogo, nyumba ya Kiislamu, na Kiswahili nimekinyonya. Ndiyo maana nawaandikia kwacho, na pia kwa sababu wengine wenu mmekulia Bujumbura, Bukavu, Kampala, Karagwe, na kwa lugha hii hakuna atakayesema nimembagua. Kila mkija kunitembelea mnaniuliza habari za miaka ileile, tangu vita vilipoanza mpakani hadi yale ya tisini na nne. Mnauliza kwa adabu, mkitazama vikombe vyenu vya chai. Basi nitawaambia habari za mgongo mmoja wa miaka ile, kwa sababu ndio nilioushika kwa mikono yangu.

Mwenye mgongo aliitwa Faustini. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa mabega mapana, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Vita vilipofunga njia ya Gatuna, mpaka wa Uganda, malori yote yakahamia Rusumo, mpaka wa Tanzania, na huko foleni ilikuwa ndefu na mvua haikatiki. Alipanda juu ya mzigo kukaza turubai, akateleza, akaangukia mgongo juu ya mawe. Uti haukuvunjika. Ila tangu siku hiyo maumivu yaliingia kiunoni yakakaa, kama mpangaji anayejua kwamba mwenye nyumba hana nguvu ya kumfukuza. Mwenye lori alimpa ufunguo dereva mwingine, naye Faustini akarudi kwake Rebero kulala kitandani.

Rebero ya wakati ule haikuwa hii ya magorofa. Ilikuwa mashamba ya maharage na mihogo, mikaratusi, na vijia vinavyoteremka wima hadi Gikondo, kwenye magereji na maghala. Zahanati yetu ilikuwa hapo Gikondo, tumepakana ukuta na gereji, nyundo zinagonga kutwa. Mgonjwa wa kilimani asiyeweza kutembea alishushwa kwa ingobyi. Kwa wale msioijua: ni kitanda cha kusukwa kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu, wanaume wanne wanaweka mabega, wengine wanafuata kuwapokea. Lakini ingobyi si kitanda tu, ni chama. Kila nyumba ya kilimani imo, na kila nyumba inadaiwa bega. Mkeo akishikwa na uchungu wa kuzaa, wanambeba. Mama wa jirani akiugua, unambeba. Asiyebeba habebwi, na asiyebebwa si jirani wa mtu.

Faustini alikuja kwetu mara ya kwanza ndani ya ingobyi, ameukunja uso. Mbele alikuwa Gaspari, seremala mfupi mwenye maneno mengi, ndiye mkubwa wa chama kile. Walimtua uani kwa upole kiasi kwamba sikuwa na la kusema, na mimi ni mtu wa kusema.

Sasa sikilizeni kosa letu la kwanza, maana na nyinyi mtalifanya. Alhamisi moja tulikuwa tunakunywa chai kwenye benchi la uani, watu watatu. Dokta Anselmi, kijana mrefu aliyesomea Ulaya, akasema ana dereva mmoja wa Rebero ambaye karibu anapona, kila akija anashukuru, na kwamba amempunguzia vidonge. Masera Perpetua, mtawa aliyeshika ghala la dawa na kuzungukia wagonjwa majumbani, akasema yeye naye ana dereva, maskini, huyo halali, analia kwenye rozari, na amemwongezea vidonge. Mimi nikasema wangu hana shukrani wala machozi, mguu wa kushoto tu unakufa ganzi. Tukakaa tunawasikitikia madereva watatu. Birika la chai lilikwisha kabla hatujatambua kuwa ni mtu mmoja.

Tungecheka, na kweli Dokta alianza kucheka, lakini wiki ileile Faustini aliletwa akitapika damu. Alikuwa anameza vya Dokta, anameza vya Masera, na juu yake anameza vingine vya dukani Gikondo, hadi tumbo likatoboka vidonda. Alipoanza kupata nafuu nilikwenda kitandani kwake nikamgombeza vizuri. Kwa nini kila mtu anamwambia lake? Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvua viatu msikitini.

"Muganga, dogiteri iko mutu mukubwa," akasema. "Mutu mukubwa hapelekewe shida. Unapelekea yeye merci. Masera iko wa Mungu, ule unapelekea machozi. Wewe unashika mugongo, nakuambia mugongo."

"Na mkeo unampelekea nini?"

"Bibi yangu nampelekea kunyamaza. Atapata woga bure."

Wanangu, huo si uongo, ni malezi. Kuna msemo wa Kinyarwanda kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na huyu yake yalitiririkia tumboni kweli, yakachanganyika na vidonge. Mtu wa hapa hugawa maumivu yake kama nyama ya sherehe, kila mgeni fungu lake kwa heshima yake, na hakuna mgeni anayeona mnyama mzima. Kwa hiyo usimwulize mgonjwa "unaumwaje leo". Mwulize jana alifunga viatu mwenyewe au alifungiwa. Mwulize aligeuka upande gani kumtazama mtoto aliyemwita. Halafu nenda ukawaulize wenzako amewaambia nini.

Kuanzia hapo Alhamisi ikawa siku ya benchi. Sheria ilikuwa nyepesi: hakuna anayempa wala kumnyang'anya kidonge mgonjwa wa maumivu kabla wengine hawajasikia. Dokta mwanzoni alidhani kufanya kazi pamoja maana yake yeye aseme na sisi tutikise vichwa. Nilimtoa wazo hilo. Masera alikuwa mpole, ila alikuwa na dawa moja nisiyoivumilia, neno "ihangane". Mnalijua, ndilo tunaloambiana hapa kwa msiba, kwa jino, kwa mvua: vumilia, jikaze. Nilimwambia, Masera, huyu mtu amejikaza mpaka misuli imekuwa mbao, tafadhali usimwongezee. Nikalipiga marufuku neno hilo uani kwetu, na Masera kila likimponyoka alijiziba mdomo. Hata mwunga mifupa mmoja wa Gahanga tulimkuta yumo, kila Jumamosi anampaka Faustini samli na kumkanyaga kiuno. Tulimwita kwenye benchi, tukamwomba aache kukanyaga, akakubali kwa sharti kwamba nami niache kuvuta mguu. Samli tulimwachia.

Siku hizi mnazo mashine za nyaya, zinalia pi-pi na mgonjwa anatulia kwa kuziogopa. Sisi tulikuwa na mchanga. Mchanga wa mto, umechekechwa, umetiwa kwenye mfuko wa kitambaa kizito na kupashwa ndani ya sufuria juu ya mkaa. Unaujaribu kwenye shavu lako mwenyewe kabla hujauweka kiunoni kwa mtu. Na tyubu kuukuu za magurudumu tulizipata gereji ya jirani, tukazikata vipande virefu, zikawa kamba za mazoezi. Chumba changu kilinuka mpira na samli, na sikuwahi kukionea haya.

Dokta alipomwuliza Faustini mbele yetu sote anataka nini, tulingoja aseme usingizi, au usukani.  Akasema anataka kuweka bega.

"Bega wapi?" Dokta akauliza.

"Ku ingobyi. Wananibeba kila Alhamisi, mimi sibebe mutu. Mutu wa kubebwa tu, hapana kubeba, iko maiti yenye inakula."

Dokta alisema mgongo ule hautabeba kitu kizito tena, aendelee kuishi kwa amani. Faustini akasema "merci, dogiteri," na kwa kuwa sasa nilijua maana ya merci yake, nilimfuata Dokta ofisini nikamwambia kwamba hilo bega ndilo litakalomtoa kitandani, tusimpokonye. Tulibishana. Mwisho tukakubaliana kwamba kwanza atembee, bega tutalizungumza akiwa amesimama.

Tukagawana kazi. Dokta akabaki na vidonge vya aina moja tu, Masera akawa ndiye pekee wa kuvitoa. Mimi nikachukua mwili. Masera pia akapanda Rebero kuzungumza na mkewe Faustini, Languida, mwanamke mwembamba mwenye aibu ambaye kwa mapenzi yake alimvalisha, alimlisha, alimgeuza kitandani kama mtoto. Aliombwa amwache afunge viatu mwenyewe hata kama asubuhi yote itakwisha. Languida alilia, lakini aliacha. Kisha tukamtuma awaambie majirani kwamba Alhamisi ijayo ingobyi isije, Faustini ataanza kutembea vipande vipande.

Hilo ndilo kosa la pili, na tulilifanya wote kwa pamoja, tukiwa tumekubaliana vizuri kabisa. Tulisema na mgonjwa, tukasema na mke, tukamsahau anayebeba. Kilimani maneno yale yalisikika kwamba Faustini amejitoa kwenye ingobyi. Na miaka ile kujitoa halikuwa neno dogo. Watu walikuwa wameanza kutazamana, nani amekaa na nani kwenye pombe, nani hakuitikia salamu, nani ana ndugu ng'ambo. Redio ilikuwa inawasaidia kutazamana. Languida alipokwenda kwa jirani kuomba kaa la moto la kuwashia jiko, aliambiwa moto umezimika, na moshi anauona unatoka juu ya paa. Alikaa na wiki nzima ya hayo bila kusema, mpaka Masera alipokuta jiko limepoa.

Jumapili mchana tukapanda Rebero sote watatu, na mtungi wa urwagwa, pombe ya ndizi, ambao Masera aliubariki na mimi sikuugusa. Wanaume wa ingobyi walikaa uani kwa Gaspari, hawakusimama kutupokea. Faustini alikaa pembeni kwenye kigoda, jasho linamtoka.

"Sisi tunauliza," Gaspari akaanza. "Bega letu iko na ugonjwa? Tulimubeba yeye na mvua, tulimubeba yeye na kuvifiye, saa yenye kutoka inje inakatazwa. Sasa hospitali imesema tuache. Nani amesema sisi iko wabaya?"

Dokta alieleza habari za misuli na mishipa. Alieleza kwa dhati, na hakuna aliyeelewa. Nikaona nijaribu mimi. Nikawaambia lori likikaa gereji mwaka mzima betri inakufa na matairi yanaoza, hata kama hakuna kilichovunjika. Linawashwa na kusogezwa kidogo kidogo. Waliitikia kwa heshima, lakini nyuso hazikubadilika. Haukuwa mgongo waliotaka kuelezwa.

Ndipo Faustini akasimama, akijishikilia ukutani. Ilimchukua muda na hakuna aliyemsaidia, kwa hasira au kwa kuwa tulisema asisaidiwe, sijui.

"Mimi sijatoka," akasema. "Nataka kubeba. Munisaidie nibebe."

Gaspari akatazama chini, akachora mchanga kwa kidole. Kisha akasema, basi atembee, lakini ingobyi haiwezi kubaki nyumbani wakati jirani yao anashuka mgonjwa. Itamfuata nyuma. Akianguka, wanaye. Mama mmoja mzee akapinga: ingobyi tupu inayoshuka njiani inakwenda kuleta maiti, hatakubali ipite mlangoni kwake. Wakajadiliana. Ikaamuliwa ndani yake wawe wanatia gunia la viazi vitamu. Pombe ikamiminwa, na jioni ile Languida alipata moto.

Hivyo ndivyo ikawa kila Alhamisi, na waliokuwepo Gikondo miaka ile wangekumbuka kama wangekuwepo leo. Mbele anatembea mtu mpana kwa hatua za mzee. Nyuma yake wanaume wanne wamebeba gunia la viazi kitandani, na wengine wanasubiri kupokea. Mafundi wa gereji waliuliza viazi vinaugua nini, Gaspari akajibu vina homa, vinakwenda kuchemshwa. Kwenye bariyeri ya chini, kizuizi cha njiani cha kukagua watu, askari hawakucheka. Mmoja alilichoma gunia kwa kisu cha bunduki, tena na tena, kuhakikisha. Nilikula viazi vile vyenye matundu.

Kazi yangu kwa Faustini ilikuwa kanuni moja, nayo ni ngumu kuliko mazoezi yote: pumzika kabla ya maumivu, usingoje yakufike. Mgonjwa wa maumivu sugu siku akijisikia vizuri hukimbia kulipiza, kesho yake yuko kitandani. Lazima ajifunze kukaa chini angali na nguvu. Faustini alichukia. Dereva, alisema, hasimami mahali hajaharibikiwa. Nilikwenda naye kijia chote nikamchagulia vituo: mkaratusi uliopinda, ukuta wa kanisa, jiwe la dobi. Ukifika hapo unakaa, unaumwa huumwi unakaa. Anayeharakisha mwambie atangulie, utamfikia. Nilimkaririsha kama mtoto wa madrasa, mpaka akawa ananitania kwa kuyasema maneno hayo kabla yangu.

Alifika. Ilichukua misimu, akarudi nyuma mara nyingi, kulikuwa na Alhamisi alizoingia ndani ya ingobyi juu ya viazi akilia kwa hasira. Lakini alifika. Siku aliyoshuka Rebero nzima kwa miguu yake Dokta Anselmi alitupeleka Gisimenti kula burusheti, mishikaki ya mbuzi. Nilimwuliza mwenye baa nani aliyechinja hadi akaudhika. Masera alikunywa soda akiwa na shela lake, walevi wakawa wanamwamkia. Dokta akasema laiti nchi hii ingekuwa na benchi moja kila kilima. Tulikuwa na furaha siku ile, nasema hivyo wazi kwa sababu ndiyo ya mwisho ninayokumbuka tukiwa wote.

Baada ya hapo tukaanza bega. Nilimfunga tyubu, kisha nusu gunia, kisha gunia, kwenye bega lenye kitambaa kilichokunjwa. Dokta alikuja kutazama akiwa amenuna, akapapasa uti, akasema haya, lakini kijia kikiteremka uzito huwaelemea wa mbele, kwa hiyo atakaa nyuma, na kipande kifupi tu. Gaspari akasema atajilaza mwenyewe ndani badala ya viazi, maana Faustini amemchosha bega miaka yote hiyo. Tukapanga siku. Alhamisi ya kwanza baada ya Pasaka.

Ndiyo Alhamisi ambayo mauaji yalianza hapa Kigali.

Miezi ile sitaisimulia. Mimi nilikuwa Biryogo, kuna waliotuficha, na nilitoka hai. Vita vilipokwisha nilishuka Gikondo. Zahanati haikuwa na milango wala dirisha, na benchi lilikuwa limekuwa kuni za mtu. Dokta Anselmi na Masera Perpetua hawakurudi. Mmoja nimepata kujua alikolala, mwingine bado. Nilifagia chumba kimoja, nikatafuta sufuria na mchanga, na siku za Alhamisi nilikaa mlangoni. Hakuna aliyeniagiza nikae. Sikujua mahali pengine pa kuwa siku hiyo.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza niliposikia watu wanateremka. Walikuwa wanaume wanne na ingobyi. Watatu sikuwajua, walikuwa wageni waliorudi nchini kutoka uhamishoni na kukaa Rebero, wanazungumza Kiswahili cha Tanzania na Kiganda, wanashika ile miti vibaya. Ndani alikuwa mama mmoja aliyerudi kutoka Karagwe, ameteguka nyonga. Wa nne alikuwa mbele, mahali Dokta alipomkataza, kitambaa kimekunjwa begani. Alikuwa amekonda, na mabega yalikuwa bado mapana.

"Jamani, mshusheni taratibu, na huyu baba mumpokee," yule mama alikuwa anawaambia. "Tangu kule juu anahema peke yake mbele. Baba, si nilisema tupumzike?"

"Tutapumzika chini," Faustini akasema.

Wakamtua. Nilimtazama yule mama kwanza, kwa kuwa ndiyo kazi, nikamlaza, nikamfunga, nikawaonyesha wenzake namna ya kumgeuza. Mmoja wao aliniambia kwamba wao hawakujua habari za ingobyi, mzee huyu ndiye aliyewapitia nyumba kwa nyumba akiwaambia kila nyumba inadaiwa bega. Walidhani ni sheria ya serikali.

Faustini alikuwa amejilaza mkekani kwenye chumba changu bila kuambiwa.  Nilipasha mikono kwenye maji, nikaikausha. Nikaweka mchanga wa moto kiunoni, nikamshika. Mgongo ulikuwa mbao tupu.

"Uko na maumivu wapi?" nikamwuliza kwa Kiswahili chake, swali la aina ileile niliyowakataza.

Akaanza kunijibu. Aliniambia halali. Aliniambia anatapika tena, damu kidogo. Mguu wa kushoto hausikii kitu. Akaniambia Gaspari alikufa wapi na nani alikuwepo, na kwamba ile miti ya ingobyi aliikuta imesimamishwa kwenye ukuta wa yule mama mzee aliyeikataa ikiwa tupu, naye hayupo. Lile alilozoea kumpa Dokta, lile la Masera, langu, yote aliniwekea mimi, fungu juu ya fungu, uso umegeukia ukuta. Nilidhani amemaliza.

"Tulitoka na Languida kupitia upande wa Gahanga," akasema. "Watu walikimbia sana. Tulifika ku muti moja, nikasema, hapa nikae, mbele maumivu ikuje. Kama wewe ulinifundisha. Nikasema yeye atangulie, nitamufikia."

Nje yule mama wa Karagwe alikuwa anacheka kidogo kwa maumivu, wenzake wanamtania.

"Akatangulia," Faustini akasema. "Mbele kulikuwa na bariyeri."

Mnaniuliza mara kwa mara nini cha kumwambia mgonjwa ambaye huna dawa yake. Nililitafuta neno chumbani mle, na lililonijia lilikuwa lile moja la Masera nililowahi kulipiga marufuku uani. Sikulisema. Mikono yangu ilikuwa mgongoni kwake na sikuiondoa. Mchanga ulipopoa, niliupasha tena.